Gesi Ajizi na Picha ya Pafu: Istilahi Katika Mizani

Kiswahili kina majina mawili kwa kundi moja la elementi: gesi adimu na gesi ajizi. Lipi lifae? Jibu halipatikani katika kamusi peke yake. Sharti itazamwe pia kazi inayofanywa na gesi zenyewe.

Kipimo cha MRI hutegemea viini vya hidrojeni vilivyomo katika maji ya mwili, ambavyo kila kimoja ni mithili ya sumaku ndogo. Ndani ya sumaku ya kawaida ya hospitali, yenye nguvu ya tesla 1.5, ziada ya viini vinavyoelekea upande mmoja ni takriban 5 tu katika kila milioni. Uchache huo hufidiwa na wingi wa maji. Pafu, hata hivyo, limejaa hewa, na picha yake hutoka giza.

Hapo ndipo zenoni inapoingia. Mwanga wa leza, ambao mtetemo wake huzunguka upande mmoja, humulika mvuke wa metali ya rubidi. Elektroni za rubidi hupata mwelekeo mmoja, na zinapokutana na zenoni hukikabidhi kiini chake mwelekeo huo. Ziada huongezeka maelfu ya mara. Msingi wa mbinu hii ulimpatia Mfaransa Alfred Kastler Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1966. Mwaka 1994 watafiti nchini Marekani walichapisha picha za mapafu ya panya zilizopigwa kwa zenoni-129. Na mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliidhinisha gesi hiyo kwa wagonjwa.

Basi, neno "adimu" linapotosha: argoni, iliyo ya kundi hilohilo, ni karibu asilimia 1 ya hewa na huizidi kaboni dioksaidi. "Ajizi" ni bora zaidi. Kwa kuwa zenoni haiungani kwa wepesi na elementi nyingine, kiini chake hudumu na mwelekeo wake hadi mgonjwa aivute gesi na kuizuia kifuani. Methali husema ajizi ni nyumba ya njaa. Katika maabara, ajizi ni akiba.

Walakini, uajizi huo una mpaka. Mwaka 1962 Neil Bartlett aliiunganisha zenoni na platini na florini. Tena zenoni huyeyuka katika damu, jambo linalowawezesha matabibu kuifuatilia ikitoka pafuni. Istilahi njema, kwa hiyo, huonyesha njia ya kuifikia dhana; haimalizi maelezo yake.