Wanafunzi Wageni Wanakuja: Tuwape Jembe Gani?



Kila mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, shule na vyuo vingi vya Ulaya na Amerika huwa vimefungwa. Huo ndio wakati tunapowaona vijana wageni wakishuka uwanja wa ndege wa Nairobi au Mombasa, mabegi makubwa mgongoni, pamoja na mwalimu mmoja au wawili. Wamekuja kwa mambo mawili katika safari moja: kuwaona wanyama wa porini, na kufanya kazi ya kujitolea kijijini.

Vikundi kadhaa vya akina mama, kamati za shule na za maji vimetuuliza swali moja: tukiletewa barua ya kundi kama hilo, tukubali au tukatae? Jibu letu ni kwamba inategemea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi tuangalie ni jembe gani, nani atalishika wakishaondoka, na nani analipia.

SAFARI HIZI ZINAPANGWAJE?

Mtu wa kujitolea wa zamani alikuja kukaa. Peace Corps ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1961, iliwatuma watu wake kwa miaka miwili na zaidi, na kabla ya kuanza kazi walifundishwa lugha ya pahali wanapokwenda. Wanafunzi tunaowazungumzia hapa ni tofauti. Wengi wanakaa wiki mbili au tatu. Siku chache wanajenga, wanapaka rangi au wanacheza na watoto, halafu wanapelekwa Maasai Mara, Tsavo au Amboseli, na pengine wanamalizia Diani ufuoni.

Mara nyingi mpango wenyewe unapita mikono mitatu au minne. Shule ya kule inaongea na kampuni ya safari ya kwao. Kampuni hiyo inaongea na kampuni ya utalii ya hapa Kenya yenye magari na madereva. Kampuni ya hapa nayo ndiyo inayotafuta kijiji, shule au kikundi cha kuwapokea. Kwa hiyo barua inapofika kwenu, mengi yameshaamuliwa: tarehe, idadi ya watu, hata kazi. Ndiyo maana kijiji kinaambiwa, "Wageni wetu watakuja kujenga darasa," hata kama shida ya kijiji ni maji. Jueni kwamba mna haki ya kusema shida yenu ni ipi.

PESA INAENDA WAPI?

Wacha tuseme ukweli kuhusu hesabu. Tuchukue mfano. Kundi la wanafunzi 12 linafanya kazi siku 5. Hizo ni siku 60 za kazi. Tukisema mtu wa mkono kwenye mjengo analipwa Shs. 700 kwa siku, kazi yao yote ni ya Shs. 42,000. Kwa kawaida nauli ya ndege ya mwanafunzi mmoja tu, kuja na kurudi, inapita hapo. Tena mtu wa mkono wetu amezoea jua na anajua kuchanganya simiti, na kijana wa miaka 17 aliyetoka darasani anajifunza siku hiyo hiyo.

Wengine wakisikia hivyo husema, "Basi wangetuma hizo pesa tu wakae kwao!" Lakini pesa hizo hazingetumwa. Mzazi wa kule alizitoa ili mwanawe asafiri, aone, ajifunze. Linalotuhusu sisi ni kujua faida ya mgeni iko wapi. Iko katika mchango wa vifaa anaokuja nao, katika chakula na malazi anayolipia kijijini, na katika urafiki wa shule kwa shule unaoweza kuendelea miaka mingi. Mikono yake ni nyongeza tu.

Upande wa wanyama nao una hesabu yake. Tangu 2024, mtalii mtu mzima asiye mkazi wa Afrika Mashariki hulipa Maasai Mara dola 100 kwa siku kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba, kipindi ambacho miezi yake ya mwanzo nyumbu wengi huwa wamevuka kutoka Serengeti. Pesa hizo zinaingia Kaunti ya Narok. Kando ya hifhadi hiyo kuna ardhi za jamii ambazo wenye mashamba wamezikodisha kwa utalii, na wanalipwa kodi kila mwezi. Huku Kwale, wakulima wa Mwaluganje walitenga mashamba yao kuwa njia ya ndovu katika miaka ya 1990, wagawane mapato ya langoni. Kwa hiyo tukiambiwa kundi litapita kwetu kisha liende kuwaona ndovu, si vibaya kuuliza kama linaweza kulala na kulipa katika hifadhi ya wananchi walau usiku mmoja.

KAZI IPI INAFAA, IPI HAIFAI?

Tumeona mambo ambayo yanarudiwa kila pahali, na tungependa kamati ziyafikirie mapema.

Kupanda miti. Wageni wanapenda sana kazi hii. Lakini wanakuja Julai na Agosti, na mvua zetu kubwa ni za Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Mche uliopandwa Agosti bila mtu wa kuumwagilia utakauka kabla picha zake hazijaonyeshwa kule ng'ambo. Afadhali wageni wajaze udongo kwenye vifuko vya kitalu, wachimbe mashimo, wabebe mbolea. Mvua ikija, wanafunzi wetu wapande.

Kufundisha. Agosti shule zetu nazo hufungwa. Watoto wakirudishwa darasani ili wageni wapate wa kufundisha, wanaofaidika ni wageni. Tena sheria ya Tume ya Kuajiri Walimu ya mwaka 2012 hairuhusu mtu kufanya kazi ya ualimu bila kuandikishwa. Mgeni anaweza kukaa na watoto pamoja na mwalimu wao, kusoma nao hadithi, kucheza nao mpira, kuwaeleza kwao kukoje. Darasa ni la mwalimu.

Kutibu. Mwanafunzi wa udaktari ni mwanafunzi, kwao na hapa. Asiyeruhusiwa kumchoma mtu sindano kwao asiruhusiwe kumchoma mama yetu zahanati. Atazame, abebe sanduku, apange dawa akiwa na mhudumu. Basi.

Kujenga. Fundi awe wa hapa, alipwe, na yeye ndiye mkubwa wa mjengo. Msingi, lenta na paa ni kazi ya fundi. Wageni wachote maji, wasogeze mawe, wapitishe matofali, wapake rangi. Ukuta usiosimama kwa timazi utaangukia watoto wetu, hautamwangukia aliyeujenga.

Kazi zinazounganisha wanyama na wakulima. Hapa ndipo safari na kujitolea vinakutana vizuri. Huko Sagalla, karibu na Voi, wakulima wanazungushia mashamba uzio wa nyuki. Nguzo zinasimamishwa, mizinga inaning'inizwa kwa waya kila baada ya mita 10 hivi, na mingine katikati ni ya mbao tupu, kuokoa gharama. Ndovu akija usiku kutafuta mahindi akagusa waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Ndovu huogopa sana nyuki, maana humuuma penye ngozi laini, machoni na ndani ya mkonga. Mkulima anaokoa shamba na anauza asali. Uzio kama huu una kazi nyingi ambazo kijana mgeni anaweza: kuchimba mashimo, kuvuta waya, kufyeka. Seremala wetu atengeneze mizinga kwa malipo. Baada ya hapo, kijana akienda Tsavo akamwona ndovu kwenye dirisha la gari, atakuwa pia amemwona mama ambaye ndovu huyo alimlia chakula cha mwaka mzima. Amesoma kitu.

WATOTO SI MAONYESHO

Jambo hili tunalisema kwa uzito. Makao ya watoto yamekuwa kivutio cha makundi haya kwa muda mrefu. Mgeni anafika Jumatatu, anawabeba watoto, wanampenda, Ijumaa anaondoka analia. Wiki inayofuata wanakuja wengine. Mtoto anayeachwa hivyo mara kwa mara anajifunza kwamba kila anayempenda humkimbia. Tena pahali penye pesa za wageni, kuna watu ambao wamewatoa watoto kwa wazazi au nyanya zao ili vitanda vijae. Wengi wa watoto wanaoitwa mayatima wana mzazi aliye hai au jamaa. Kilichowatoa nyumbani ni umaskini.

Serikali iliona hivyo. Novemba 2017 ilisimamisha uandikishaji wa makao mapya ya watoto. Mwaka 2022 ikaja Sheria mpya ya Watoto, na mpango wa miaka 10, hadi 2032, wa kuwarudisha watoto katika familia. Sisi kama kanisa na kama kijiji tunafaa kuwa upande huo. Kundi likitaka kusaidia watoto, lisaidie karo, mbuzi wa maziwa au bima ya afya ya nyanya anayelea wajukuu. Kutembelea makao kwa ajili ya kupiga picha, tuseme hapana.

Hata penye shule ya kawaida, tuweke masharti haya:

- Kila mgeni mtu mzima aje na cheti cha polisi wa kwao kuonyesha hana rekodi ya makosa.
- Mgeni asibaki peke yake na mtoto, asimpeleke hotelini wala kwenye gari.
- Picha ya mtoto isipigwe wala kutumwa bila ruhusa ya mzazi. Sheria ya kulinda habari za watu, ya mwaka 2019, yataka hivyo.
- Peremende na pesa zisigawiwe njiani. Zawadi zipitie kwa mwalimu mkuu.
- Ukiona jambo baya, piga simu 116. Ni bure. Au umwone Afisa wa Watoto, au chifu.

KARATASI ZIKO WAPI?

Tangu Januari 2024 mgeni haombi tena viza ya Kenya; anaomba idhini ya kusafiri kwa kompyuta kabla hajapanda ndege. Idhini ya mtalii ni ya kutembea. Atakayefanya kazi, hata bila mshahara, Idara ya Uhamiaji ina pasi na vibali vyake. Ni wajibu wa wanaoleta kundi kuuliza Uhamiaji mapema, na kamati ione karatasi kabla ya siku ya kwanza. Kampuni ya utalii ya hapa nayo iwe na leseni ya mamlaka ya utalii. Dereva asiye na leseni akipata ajali na wageni, jina la kijiji ndilo litakalotajwa.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUSEMA KARIBU

Barua ikija, kamati ikae, mama wa kikundi na vijana wakiwemo, na iandike majibu ya maswali haya:

1. Kazi hii tuliichagua sisi, au tumechaguliwa?
2. Wasingekuja, tungeifanya? Kama hatungeifanya, je, tunaihitaji kweli?
3. Kila mgeni amelipa kiasi gani, na kijiji kinapata ngapi? Pesa itawekwa benki kwa sahihi tatu?
4. Fundi, mpishi, mama wa mboga na mwenye nyumba ya kulala watalipwa na nani, lini?
5. Wakiondoka kazi ikiwa nusu, nani ataimaliza?
6. Wanafunzi wetu watapata nini? Je, nao watapanda gari waende mbugani siku moja?

Swali la mwisho halipuuzwi. Wapo watoto wengi wanaoishi karibu na Tsavo na hawajawahi kuingia langoni. Wanamjua ndovu kwa kelele za usiku tu. Vilabu vya Wanyama Pori vya Kenya vilianza shuleni mwaka 1968, ili vijana wa nchi hii waijue mali yao. Kundi la wageni lenye basi na viti vitupu linaweza kuwachukua wanafunzi wetu 10, na hapo watakaa pamoja kama wenzao, kila mmoja akimwuliza mwenzake maswali.

TUSITEGEMEE KIKOMBE CHA MGENI

Mwaka 2020, Machi, ndege za abiria kutoka nchi za nje zilisimamishwa kwa ajili ya korona, hadi Agosti. Msimu ule wa wageni ukapotea. Mradi uliokuwa ukilisha watoto kwa michango ya wageni ulibaki bila unga. Kikundi kilichokuwa na kuku wake, shamba lake na akiba ya kila wiki kiliendelea, hata kama kwa shida. Basi mchango wa mgeni uwe wa kununua kitu kinachozaa: tangi, mizinga, pampu, madawati. Usiwe wa chakula cha kila siku.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatusemi tuwafungie vijana hawa mlango. Wengi wana moyo mzuri, na wapo watakaoikumbuka githeri ya kijiji chetu kuliko simba wa Mara. Tunasema tu tuwapokee tukiwa tumejipanga.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

- Ni kazi gani tatu hapa kwetu ambazo mgeni wa wiki moja anaweza kuzifanya bila kumnyang'anya mtu kibarua?
- Ni mambo gani tungependa kijana wa ng'ambo ayajue kuhusu kuishi na ndovu?
- Nani miongoni mwetu atakuwa na daftari la pesa, na nani atalikagua?