Dawa inayoiamsha seli ijilinde

Miongoni mwa mitihani mizito inayozipata familia ni ule wa maradhi yasiyoonekana kwa macho. Mgonjwa hana jeraha wala homa, lakini analalamika kuchoka kiasi cha kushindwa kufua nguo zake. Leo mguu unakufa ganzi, baada ya miezi jicho moja linauma na kupoteza nuru, kisha hali inatulia kana kwamba hapakuwa na kitu. Wanaomzunguka hugawanyika: wapo wamwitao mvivu, na wapo wanaosema amerogwa au ana jini. Dalili za namna hii zaweza kuwa za ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi, ambao tabibu Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza tangu mwaka 1868.

Ugonjwa huu huanza zaidi kati ya umri wa miaka 20 na 40, nao huwapata wanawake wengi kuliko wanaume. Karibu na ikweta ni nadra kuliko Ulaya ya kaskazini, na uhaba huo wenyewe huchangia kuchelewa kutambuliwa. Tumeona vyema tueleze kinachotokea mwilini, na jinsi mojawapo ya dawa zake inavyofanya kazi, kwani mwenye kuujua ugonjwa humhukumu mgonjwa kwa uadilifu zaidi.

Mishipa ya fahamu iliyomo katika ubongo na uti wa mgongo imevikwa ala ya mafuta iitwayo mailini, mithili ya waya wa umeme uliovikwa plastiki. Katika maradhi haya kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huigeukia ala hiyo na kuichubua. Ujumbe wa ubongo hupita kwa kusitasita, au usipite kabisa.

Shambulio hilo huleta balaa la pili. Chembe za kinga zinaposhambulia hutoa oksijeni ya namna kali, ile inayofanya ndani ya seli uharibifu unaofanana na kutu katika chuma. Wataalamu huuita mkazo wa oksidisho. Ubongo uko hatarini zaidi kwa jambo hili, maana uzito wake ni takribani asilimia 2 tu ya mwili, ilhali hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni tunayoivuta. Seli zinazotengeneza mailini ni miongoni mwa zinazoumia upesi, kwa kuwa zina madini mengi ya chuma na akiba ndogo ya kinga dhidi ya kutu hiyo.

Mwenyezi Mungu, hata hivyo, hakuiacha seli bila ya silaha. Ndani yake imo protini iitwayo Nrf2. Siku za amani, protini nyingine, Keap1, huishika Nrf2 na kuipeleka ikavunjwevunjwe, ili silaha zisitolewe pasipo haja. Mkazo unapoingia, Keap1 hubadilika umbo na kuiachia. Nrf2 huingia katika kiini cha seli na kuziamsha jeni nyingi za ulinzi, zikiwemo zinazosaidia kutengeneza glutathioni, ambayo huituliza ile oksijeni kali.

Hapa ndipo inapoingia dawa ya dimethili fumareti. Inapomezwa hugeuzwa mwilini, kisha hujishikiza kwenye Keap1, na Nrf2 ikapata kuwa huru. Kwa maneno mengine, dawa haiendi kupigana na kutu yenyewe. Huipigia seli kengele ili itoe silaha zake kabla shambulio halijaizidi nguvu. Katika maabara, seli za ubongo zilizotangulizwa dawa hii zilistahimili vizuri zaidi sumu za oksijeni. Aidha, dawa hiyo hupunguza na kutuliza baadhi ya chembe nyeupe za damu zinazoendesha shambulio. Wapo watafiti wanaoamini kwamba nafuu kubwa hutokana na kazi hii ya pili, kwa sababu hata panya waliozaliwa bila Nrf2 walionekana kunufaika.

Historia yake nayo ina mazingatio. Asidi ya fumariki ilipewa jina la mmea wa Fumaria, ambao matabibu wa Kiislamu wa zamani waliujua kwa jina la shahtaraj na kuutumia kwa maradhi ya ngozi. Mwaka 1959 mkemia Mjerumani Walter Schweckendiek, aliyekuwa akisumbuliwa na soriasisi, alieleza jinsi alivyojitibu kwa viini vya asidi hiyo. Mwaka 1994 Ujerumani iliidhinisha dawa ya jamii hiyo kwa soriasisi, na mwaka 2013 Marekani ikaidhinisha dimethili fumareti kwa maltipo sklerosisi. Katika mojawapo ya majaribio makubwa, yaliyochapishwa mwaka 2012, asilimia 27 ya waliomeza dawa mara mbili kwa siku walirudiwa na shambulio ndani ya miaka miwili, ikilinganishwa na asilimia 46 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Hiyo ni nafuu kubwa, lakini si ponyo. Dawa hupunguza mashambulizi, wala hairudishi kila kilichokwisha kuharibika. Ndiyo maana kuchelewa kwenda hospitali kuna gharama: kila mwaka unaopotea katika kubishana kama ni uvivu au uchawi waweza kuondoka na sehemu ya mishipa isiyorudi. Dawa yenyewe huleta joto na wekundu wa uso na maumivu ya tumbo, hasa mwanzoni, na chakula husaidia kupunguza adha hizo. Yaweza pia kushusha chembe nyeupe, na kwa nadra kufungulia mlango ambukizo la hatari la ubongo, hivyo vipimo vya damu vya mara kwa mara ni lazima.

Wauzao virutubisho vya "kuondoa sumu" wasiwahadae wagonjwa kwamba chupa zao zafanya kazi ile ile. Hazishiki nafasi ya tiba hii.

Kwa Ramadhani, mgonjwa azungumze na daktari mapema. Dozi mbili za siku huenda zikapangwa wakati wa futari na daku, lakini uchovu na joto vikimzidi, Sheria imempa mgonjwa ruhusa ya kula, na asione haya kuitumia. Mama mkwe, mume na watoto nao wana sehemu yao: wampunguzie kazi za jikoni wakati wa jua kali, wamkumbushe dawa, na wazilinde ndimi zao. Mtume (s.a.w.) alituamrisha tujitibu. Kumsaidia mgonjwa afike kwenye tiba, badala ya kumtilia shaka, ni katika kuitii amri hiyo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na awape subira wanaowauguza. Amin.