Fizi Zinazotoka Damu: Kinga ya Mwili Inapobomoa Inachokilinda

Damu kwenye mswaki huchukuliwa na watu wengi kuwa jambo dogo. Wapo wanaoamini kwamba mswaki ndio uliowajeruhi, hivyo huacha kuupitisha mahali panapovuja. Wengine husubiri maumivu ndipo waende kliniki. Imani zote mbili zina madhara. Kwa kawaida, ufizi wenye afya hautoki damu unapopigwa mswaki taratibu, na ugonjwa wa fizi unaweza kula mfupa unaoshikilia jino kwa miaka mingi bila kuuma. Mara nyingi mgonjwa hushtuka meno yanapoanza kulegea, wakati ambapo mfupa uliokwisha kupotea ni vigumu kuurejesha.

Mwanzo wake ni ukoga

Ukoga ni utando laini wa bakteria unaojijenga kwenye meno kila siku, hasa kwenye mpaka wa jino na ufizi. Usipoondolewa, hushika madini yaliyomo kwenye mate na kuwa ugaga mgumu, ambao mswaki hauwezi kuubandua.

Mwaka 1965, Harald Löe na wenzake nchini Denmark walichapisha utafiti uliothibitisha uhusiano huo. Watu 12 wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno, na katika siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia usafi, fizi zilipona katika muda wa takriban wiki moja. Hatua hii ya awali, iitwayo jinjivitisi, huweza basi kuponywa kabisa, kwa kuwa mfupa bado haujaguswa.

Mapambano ndani ya ufizi

Hata katika ufizi wenye afya, chembe nyeupe za damu aina ya neutrofili hutoka kwenye mishipa midogo na kwenda kulinda mwanya mwembamba uliopo kati ya jino na ufizi. Ukoga unapoongezeka, chembe za ufizi hutambua sumu za bakteria na kutoa saitokini, yaani protini zinazopeleka taarifa ya hatari. Mishipa ya damu hupanuka na kuvujisha majimaji. Neutrofili huongezeka, zikifuatwa na makrofaji na limfosaiti. Ndiyo maana ufizi huwa mwekundu, huvimba na kutoka damu upesi. Hali hii ndiyo inflamesheni, na shabaha yake ni kuulinda mwili.

Tatizo huanza pale adui asipoondoka. Bakteria waliojificha ndani ya utando hawafikiwi kwa urahisi, na baadhi yao, kama Porphyromonas gingivalis, wana uwezo wa kuvuruga kinga huku wakinufaika na virutubisho vinavyotokana na tishu zilizoharibika. Neutrofili huendelea kumwaga vimeng'enya vinavyokata nyuzi za kolajeni, zile zinazoliunganisha jino na mfupa. Saitokini nazo huchochea osteoklasti, chembe zenye kazi ya kumeng'enya mfupa. Ufizi huachana na jino, mfuko hufanyika, na ukoga hushuka ndani zaidi mahali ambapo mswaki haufiki. Hii ndiyo periodontitisi. Kikulacho ki nguoni mwako: sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na silaha za mwili wenyewe.

Kwa nini watu hutofautiana

Ukoga ni wa lazima ili ugonjwa uanze, lakini pekee hauamui ukali wake. Löe na wenzake waliwafuatilia wanaume 480 waliofanya kazi katika mashamba ya chai ya Sri Lanka, ambao hawakuwa na desturi ya kusafisha meno, na mwaka 1986 wakatoa matokeo. Takriban asilimia 8 walikuwa na ugonjwa uliosonga mbele kwa kasi, asilimia 81 wa kasi ya wastani, na asilimia 11 hawakuvuka hatua ya jinjivitisi. Usafi wao ulifanana, lakini majibu ya miili yao hayakufanana. Urithi wa kijenetiki huchangia tofauti hiyo. Uvutaji wa tumbaku huongeza hatari, na tena huficha dalili, kwa kuwa fizi za mvutaji huweza kutoka damu kidogo ilhali mfupa unaisha.

Kisukari na fizi

Kisukari kisichodhibitiwa hudhoofisha utendaji wa neutrofili, huongeza saitokini na kuchelewesha kupona kwa tishu. Kwa upande wa pili, inflamesheni ya fizi huingiza saitokini kwenye damu, na hizo hupunguza mwitikio wa mwili kwa insulini. Tafiti za wagonjwa wa kisukari zinaonyesha kwamba kutibu periodontitisi hushusha kipimo cha HbA1c kwa takriban alama 0.4 za asilimia katika miezi mitatu hadi minne. Kwa hiyo, mhudumu wa kliniki ya kisukari anayemwuliza mgonjwa kama fizi zake hutoka damu, au kama kuna jino linalocheza, anafanya kazi ya kudhibiti sukari pia. Naye tabibu wa meno anayekuta fizi zilizoharibika kuliko umri wa mgonjwa unavyotarajiwa, yafaa ashauri sukari ipimwe.

La kufanya

Msingi wa tiba ni kuondoa ukoga na ugaga, juu na chini ya ufizi. Antibiotiki pekee hazitoshi, kwa sababu utando huwakinga bakteria. Kusukutua kwa maji ya chumvi kunaweza kutuliza, lakini hakubandui ugaga. Mhudumu hupima kina cha mwanya wa ufizi kwa kifaa maalumu: hadi milimita 3 ni kawaida, na zaidi ya hapo, hasa panapotoka damu, uchunguzi uendelee.

Nyumbani, meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na katikati ya meno pasafishwe kwa uzi au kijiswaki chembamba. Mahali panapotoka damu pasirukwe. Papigwe mswaki laini, bila kutumia nguvu. Damu ikiendelea baada ya wiki mbili za usafi mzuri, au meno yakianza kuachana, kucheza au kutoa usaha, mgonjwa afike kliniki ya kinywa na meno bila kungoja maumivu.