Stika za kung'aa: Zijaribu kwa taa kabla ya kulipa

DESEMBA ni mwezi wa mavuno kwa wenye baa na kumbi za harusi kuanzia Himo hadi Marangu, kwani wenyeji wa Kilema na vijiji jirani wanaoishi Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hurudi nyumbani kwa Krismasi. Kwa fundi wa stika, huo ndio wakati wa kupata kazi ya kupamba kaunta na kuta kwa vinili inayowaka rangi chini ya taa za zambarau, maarufu kama blaklaiti.

Tatizo ni kuipata vinili yenyewe. Fundi anayeagiza Moshi mjini au Kariakoo kwa kusema tu anataka "stika inayong'aa" anaweza kuletewa kitu kingine kabisa, na mtaji uliotokana na fedha za kahawa ukalala dukani.

Aina tatu

Ikumbukwe kuwa stika za kung'aa ziko za aina tatu. Ya kwanza huakisi mwanga, kama zile zinazobandikwa nyuma ya malori. Ya pili hufyonza mwanga na kuendelea kung'aa gizani taa ikizimwa. Ya tatu, iitwayo fluoresenti, ndiyo inayotakiwa baa: hupokea mionzi ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho na kuigeuza kuwa rangi kali ya kijani, njano, chungwa au waridi.

Kuzitofautisha hakuhitaji mtaalamu. Tochi ndogo ya kukagulia noti inatosha. Peleka kipande cha vinili mahali penye giza, ukimulike. Kikiwaka rangi yake na kuzimika mara tochi inapozimwa, ndicho chenyewe. Kikiendelea kung'aa, ni aina ya pili. Kikionyesha zambarau ya tochi tu, kinarudisha mwanga wa taa na hakifai. Usiielekeze tochi machoni.

Aidha, vinili nyeupe iliyochapwa rangi kali kwa wino wa kawaida haitawaka. Hata iliyo halisi inaweza kufifia ikifunikwa kwa plastiki angavu ya kuzuia mionzi ya jua, kwa kuwa plastiki hiyo huzuia mionzi ileile inayoiwasha.

Hesabu ya jora

Bei ya mita moja peke yake hudanganya, kwani majora hutofautiana upana. Tuseme jora la sentimita 61 linauzwa sh 15,000 kwa mita, na la sentimita 122 sh 25,000. La kwanza linaonekana rahisi, lakini mita moja ya mraba inagharimu takriban sh 24,600, wakati la pili ni sh 20,500.

Hata hivyo, unafuu huo upo iwapo upana wote utatumika. Fundi mwenye oda ya herufi za nusu mita, asiye na mteja wa vipande vitakavyobaki, ni heri anunue jora jembamba.

Adui ni jua

Rangi za fluoresenti hupauka haraka juani kuliko rangi za kawaida, na zikiwa nje zinaweza kuchuja ndani ya miezi. Katika miteremko ya Kilimanjaro hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000.

Kwa hiyo vinili hii ni ya ndani. Mwenye bodaboda anayetaka kuonekana usiku auziwe ya kuakisi, maana taa za magari si blaklaiti. Jora lililobaki lifungwe kwa karatasi nzito na kuwekwa mbali na dirisha.

La muhimu ni kununua kipande kwanza, kukijaribu kwa tochi mbele ya muuzaji, kisha kumwonyesha mteja chini ya taa zake mwenyewe. Akiridhika na kulipa malipo ya awali, ndipo jora liagizwe. Kipande cha majaribio ni gharama ndogo kuliko jora zima lisilowaka siku ya mkesha wa Krismasi.