Usimwache mwenzako asali peke yake

Masika yanapokolea Kyela, mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hujaa, maji huingia mashambani na njia za vitongojini hukatika. Majira hayo ndiyo nafasi nyingi hubaki wazi katika ibada za nyumba kwa nyumba. Mmoja husingizia matope, wa pili mpunga, wa tatu kweli ana mgonjwa. Wiki ya kwanza tunaelewa. Wiki ya nne hatuulizi tena.

Hapo ndipo hatari ilipo, mpendwa msomaji. Wengi hawaiachi imani kwa siku moja. Hupungua kidogo kidogo, na hakuna anayebisha hodi.

Wanyakyusa walijua zamani kwamba mtu hakomai peke yake. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti huku katika miaka ya 1930, walikuta vijiji vya rika: wavulana walitoka kwa wazazi, wakajenga vibanda vyao, wakawa wanakwenda kula pamoja kwa mama wa huyu na wa yule. Kiini cha maisha hayo kiliitwa ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzako, kuzungumza nao na kusaidiana. Mwaka 1951 Monica alitoa kitabu juu ya vijiji hivyo.

Injili ilipofika, ilikuta udongo uliokwisha kulimwa. Wamoravian na Walutheri wa Misheni ya Berlin waliingia nchi hii mwaka 1891, na baadaye vituo vikashuka hadi Ipyana, Ikombe na Matema. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa. Makanisa yangeweza kufa. Lakini walimu na wazee wenyeji waliendelea kuwakusanya watu, wakisaidiwa na Waskoti wa Livingstonia kutoka ng'ambo ya Songwe. Wamisionari waliporudi katika miaka ya 1920 walikuta washarika wapo. Wachungaji wao waliondolewa, ila wao kwa wao hawakuachana.

Wamoravian wenyewe walilelewa hivyo. Huko Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727, wakimbizi waliokuwa wakigombana walipatana, wakajigawa katika vikundi vidogo vya kuulizana hali ya roho na kuombeana. Waebrania sura ya 10 nayo iliandikiwa watu waliochoka, ambao baadhi yao walikwisha zoea kutohudhuria.

Leo majaribu ya pwani yetu yanajulikana. Mtoto anaugua usiku na jirani anamnong'oneza mama jina la mganga. Kakao imeuzwa vizuri, na baba hajaonekana nyumbani siku tatu. Kijana amekwenda Tunduma kutafuta maisha, hana anayemjua huko. Katika saa hiyo mahubiri ya Jumapili iliyopita yako mbali. Kinachosaidia ni mtu wa kuja kukesha naye, kumwambia ukweli bila kumwaibisha, na kusali pale sauti ya mwenyewe imekauka.

Basi tufanye nini? Kwanza, anzeni nyumbani: mume na mke wasali pamoja, hata kwa dakika chache kabla ya kulala. Pili, asiyeonekana mara mbili atembelewe, wala asisubiriwe mpaka mara ya tano. Mgeni asiende na maswali ya polisi. Aende na mkungu wa ndizi au kilo ya mchele, akae, asikilize. Tatu, kijana anayesafiri apewe jina la msharika wa kumpokea aendako.

La nne ni gumu zaidi: tufunge midomo. Mama aliyekiri udhaifu wake Alhamisi akasikia habari zake sokoni Jumamosi, hatarudi, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Ushirika usiotunza siri huwafukuza walewale unaotaka kuwashikilia.

Wapo wanaosema, "Imani yangu ni kati yangu na Mungu." Ni kweli, kila mtu atajibu mwenyewe. Lakini Bwana aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili, na usiku wa Gethsemane yeye mwenyewe aliwaomba watatu wakeshe naye.

Jumapili hii, kabla ya kutoka kanisani, tazama nafasi iliyo wazi karibu nawe. Ilikuwa ya nani? Nenda kwake jioni hiyohiyo.