Umeachwa nje ya kikosi cha raga? Uliza kwanza kocha anataka kucheza vipi

Umefanya mazoezi wiki nzima, hujakosa hata siku moja. Ijumaa jioni orodha inabandikwa. Unaisoma mara ya kwanza, unairudia, jina lako halipo. Aliyepewa jezi yako ni jamaa unayemwacha nyuma kila mkikimbia. Unajiambia, kocha ana upendeleo tu.

Huenda una haki, makocha wa aina hiyo wapo. Lakini kabla hujakasirika ukaacha mazoezi, hebu nikurudishe kwenye fainali ya Kombe la Dunia la Raga, Oktoba 28, 2023, nchini Ufaransa. Hapa kwetu ilianza saa nne usiku, na najua si mimi peke yangu niliyekesha.

Afrika Kusini ilifika huko kwa kubahatisha pumzi: robo-fainali ilimshinda mwenyeji Ufaransa 29-28, kisha nusu-fainali ikailaza Uingereza 16-15. Katika mechi zote mbili, Cobus Reinach ndiye aliyeanza na jezi nambari 9, Manie Libbok akavaa nambari 10. Sasa fainali ikafika. Kikosi kikatangazwa, na wote wawili hawakuwemo. Si kwamba walianzia benchi. Hata benchi hawakupata!

Kumbe hesabu ilikuwa hivi. Raga ya wachezaji 15 huwa na akiba 8, na kwa kawaida 5 kati yao ni mafowadi na 3 ni mabeki. Kocha Jacques Nienaber na mkurugenzi wa raga Rassie Erasmus waliweka mafowadi 7 na beki mmoja tu, Willie le Roux. Walitaka kuwabana New Zealand kwa skramu na ukabaji, wawachoshe, halafu kipindi cha pili waingize majitu ambayo bado hayajatoa jasho. Raga ya namna hiyo haileti trai nyingi. Inaleta penalti.

Ukishaamua kucheza hivyo, orodha inaanza kujiandika. Nambari 10 lazima awe mtu ambaye akipewa penalti, unaweza kuhesabu pointi 3 kabla hajapiga. Libbok ni fundi wa kufungua safu na kutoa pasi ambazo wengine hawazioni, lakini mateke yake ya pointi yalikuwa yameyumba kwenye mashindano hayo, na dhidi ya Uingereza alitolewa hata kabla ya mapumziko. Aliyeingia, Handré Pollard, ndiye aliyefunga penalti ya ushindi dakika za lala salama, baada ya skramu kuwasukuma Waingereza wakakosea. Mpango wenyewe ulijionyesha pale.

Fainali iliisha 12-11. Afrika Kusini haikufunga trai hata moja. Pointi zote 12 zilikuwa penalti 4 za Pollard.

Usidhani lakini kwamba mpango huo ni dawa ya kila kitu. Benchi hiyo hiyo ya 7 kwa 1 walikuwa wameitumia dhidi ya Ireland kwenye makundi wakapigwa 13-8. Tena Pollard hakuwa kwenye kikosi cha kwanza. Aliitwa baada ya huka Malcolm Marx kuumia goti. Huka, yule wa katikati ya mstari wa mbele anayerusha pia mpira wa lainauti, nafasi yake ikachukuliwa na mpiga mateke! Bei yake ililipwa kwenye fainali. Bongi Mbonambi, huka halisi pekee aliyebaki, aliumia dakika za mwanzo kabisa, akaingia Deon Fourie mwenye miaka 37, na lainauti zikawa shida tupu. New Zealand wangefunga teke moja tu kati ya waliyokosa, leo tungekuwa tunamcheka Nienaber.

Ndiyo maana huwa nawaonea huruma makocha wa shule wanaoiga walichoona kwenye runinga. Unataka kubana kwa skramu ilhali fowadi wako mzito zaidi ana kilo 75? Mpango hutoka kwa wachezaji ulio nao, kisha ndio unachagua.

Mimi nilikuwa winga sekondari. Mbio nilikuwa nazo, wallahi. Kocha wetu alipenda timu ipige mipira ya juu kisha tuikimbilie, na mimi mpira ukiwa angani nilikuwa nafumba macho. Niliachwa nje muhula mzima nikinung'unika, nikimsema kila mahali. Sikuwahi kumwuliza sababu. Aliyecheza nafasi yangu alikuwa mzito kidogo, ila alikuwa anadaka kila kitu.

Kwa hivyo kabla ya mazoezi ya Jumatatu, mfuate kocha akiwa peke yake. Usimwulize kwa nini umeachwa. Mwulize anataka winga wake afanye nini mpira ukipigwa juu, au nambari 7 wake awe wapi baada ya skramu. Akikujibu vizuri, una kazi ya wiki nzima. Akibabaika, basi pengine hasira yako haikuwa bure.