Sindano ya Ng'ombe Haimkingi Msafiri: Malale na Safari ya Burigi-Chato

Kiangazi kinapokaribia, na familia na vikundi vya wafanyakazi wa Shinyanga, Kahama na Geita vinapoanza kuchangishana nauli ya kwenda kuona wanyama katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, swali linalotangulia mengine yote kwenye maduka ya dawa ni lile lile: ni sindano gani, au kidonge gani, kitumike kabla ya safari ili ndorobo wakiuma, malale yasiingie mwilini? Jibu ni kwamba hakuna sindano hiyo wala kidonge hicho, na kwa kuwa jibu hili limekwisha kutolewa mara nyingi bila kuaminiwa, sababu zake zinastahili nafasi kubwa kuliko ratiba ya safari yenyewe.

Imani hii imetoka zizini. Mfugaji wa Usukuma anajua kwamba ng'ombe anayepelekwa kuchunga penye ndorobo huchomwa isometamidiamu, dawa inayobaki kwenye msuli na kuachiwa kidogo kidogo katika damu, ikaua vimelea vya nagana, yaani ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na ndorobo, kwa muda wa miezi miwili hadi minne. Kutokana na hilo hujengwa hoja kwamba kinachomfaa ng'ombe kitamfaa mwenye ng'ombe, hoja ambayo ni mbovu na ya hatari. Isometamidiamu haikuidhinishwa kutumiwa kwa binadamu, huumiza msuli inapochomwa, na si chanjo kwa maana yoyote, kwa sababu haiufundishi mwili kujilinda; inapokwisha katika damu, mnyama hubaki bila kinga kama alivyokuwa mwanzo.

Wala si kweli kwamba wataalamu hawakujaribu jambo kama hilo kwa watu. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali za kikoloni za Afrika ya Magharibi na ya Kati ziliwachoma mamilioni ya watu pentamidini ili kuwakinga na malale ya aina ya upande huo, ambayo huenda polepole na husababishwa na kimelea kiitwacho gambiense, lakini kampeni hizo ziliachwa baada ya kubainika kwamba sindano iliweza kuuficha ugonjwa bila kuuponya, na baada ya watu kufa mahali pengine kwa kuoza msuli uliochomwa. Malale ya Tanzania husababishwa na kimelea kingine, rhodesiense, kinachoishi ndani ya pongo na wanyama wengine wa porini bila kuwaonyesha ugonjwa, na ambacho kwa binadamu huua haraka zaidi.

Chanjo nayo imeshindikana kwa sababu inayofahamika vizuri. Kimelea cha malale hufunikwa na ganda la protini ambalo mwili ukishalitambua na kuanza kulishambulia, baadhi ya vimelea huwa vimekwisha kulivua na kuvaa jingine, na akiba ya jeni za maganda hayo huzidi elfu moja. Vidonge vya kukinga malaria havisaidii pia, maana vimelenga kimelea kingine kabisa, kinachojificha katika ini na ndani ya chembe nyekundu za damu, ilhali kile cha malale huogelea nje ya chembe hizo na baadaye hupenya hadi kwenye ubongo. Vidonge hivyo vinywewe kwa ajili ya malaria, ambayo ni tishio kubwa katika mikoa hii, na visipewe kazi isiyo yao.

Inasikitisha zaidi kwamba imani hii imestawi Shinyanga, mji ambao katika miaka ya 1930 ulikuwa makao ya utafiti wa ndorobo wa Tanganyika nzima chini ya Charles Swynnerton, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1938 na ambaye jina lake limebaki katika aina ya ndorobo iitwayo Glossina swynnertoni. Utafiti wa tangu enzi hizo umeonyesha kwamba ndorobo huwinda mchana kwa macho na kwa harufu: hufuata kitu kikubwa kinachotembea, likiwamo gari, huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, na hufuata hewa inayotoka puani, ambayo mtu hawezi kuizuia kwa kula vitunguu saumu. Vile vitambaa vya bluu na nyeusi vinavyoning'inizwa kando ya barabara za hifadhi vimelowekwa dawa ya kuua wadudu, na viliwekwa pale kwa sababu ndorobo huviendea wenyewe. Msafiri aliyevaa jinzi ya bluu na fulana nyeusi amejifanya kitambaa cha aina hiyo kisicho na dawa. Harufu inayowafukuza ndorobo ipo kweli, ya mnyama aitwaye kuro, na watafiti wa kituo cha ICIPE cha Nairobi wameiga viambato vyake na kuvitia katika kola za ng'ombe, lakini hiyo pia ni kwa ajili ya mifugo.

Njia za kujikinga zinazobaki kwa msafiri ni chache. Nguo ziwe za kaki au kijani kilichofifia, za mikono mirefu, za kitambaa kizito kwa kuwa ndorobo hutoboa chepesi. Dawa ya kupaka yenye diiti hupunguza tu. Vioo vya gari vifungwe penye vichaka, na kichakani pasiwe mahali pa kupumzikia. Kuhusu safari yenyewe, miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo bora kwa barabara za Burigi-Chato, hifadhi ya kilomita za mraba 4,707 iliyoundwa mwaka 2019 kutokana na mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ambamo vilima na mabonde huteremkia Ziwa Burigi lenye viboko. Kutoka Shinyanga hupitwa Kahama, Ushirombo na Runzewe hadi Bwanga, na kutoka hapo Biharamulo au Chato. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu, na raia abebe kitambulisho ili atozwe kiwango cha raia. Anayependa kutembea kwa miguu achague Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, ambako hakuna simba na sokwe waliletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969. Boti hutoka Kasenda karibu na Muganza, au Nkome. Msafiri asioge katika maji yanayokizunguka kisiwa, kwa sababu ya kichocho na mamba.

Ndorobo wenye vimelea vya malale ni sehemu ndogo sana ya wanaouma, kwa hiyo hakuna sababu ya kuahirisha safari, ila watalii kadhaa wa Ulaya waliougua mwaka 2001 baada ya kuzuru hifadhi za kaskazini, Serengeti ikiwamo, ni ushahidi kwamba ziara fupi yatosha kumwambukiza mtu. Homa ikianza ndani ya wiki tatu baada ya kurudi, hasa pakiwa na uvimbe mwekundu wenye maumivu palipoumwa, mgonjwa amwambie daktari kwamba alikuwa hifadhini na aombe damu itazamwe kwa darubini, kwani kipimo cha haraka cha malaria hakikioni kimelea cha malale. Dawa ya kutibu ipo, na tangu mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani limependekeza feksinidazoli, ambayo ni vidonge, itumike kwanza kwa malale ya rhodesiense mahali pa melarsoprol, sindano yenye aseniki ambayo yenyewe iliwaua baadhi ya wagonjwa. Lakini hutolewa baada ya kimelea kuonekana, kwa hiyo anayejitibu malaria nyumbani mara mbili au tatu kabla ya kwenda hospitali anakipa kimelea muda wa kufika kwenye ubongo.